Kuchagua Gari la Mkononi la Kubebea Mzigo Mwanza: Mwongozo Kamili kwa Mwenye Bajeti Ndogo

Wanaonunua Probox, Fielder au AD Van ya bei nafuu kwa ajili ya mzigo hukosea mahali pamoja: wanalijaribu gari likiwa tupu. Wanalizungusha Nyakato dakika kumi, AC inapuliza, injini imetulia, pesa inatoka. Wiki inayofuata mifuko ya saruji iko nyuma, matairi yanasugua bodi, gari linachemsha kwenye kilima cha Isamilo, na dalali hapokei simu.

Sharti la mwongozo huu ni moja: usilipie gari ambalo hujalipakia. Hatua nyingine zote zinakusaidia kufika kwenye jaribio hilo ukiwa na gari linalostahili kujaribiwa, na kutoka hapo ukiwa na kadi ya gari yenye jina lako.

Ninazungumzia gari la mkononi ambalo tayari lina namba za Tanzania. Anayeagiza Japani ana safari nyingine, ya kikokotoo cha TRA na bandari.

## Andaa hivi kabla hujapiga simu

- Tochi yenye mwanga mkali
- Futi ya fundi ya kupimia
- Sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa laini isikwaruze rangi
- Tishu nyeupe au kitambaa cheupe
- Geji ya upepo wa matairi
- Mifuko sita ya mchanga, kila mmoja kilo 50, iliyopimwa kwenye mzani
- Jeki pamoja na stendi zake. Asiingie mtu chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake
- Fundi wako, asiyefahamiana na muuzaji wala dalali
- Fundi umeme mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari
- Kalamu na karatasi

Pesa igawe mafungu mawili. Kama asilimia 80 ndiyo ya gari. Asilimia 20 inayobaki ni ya matairi, breki, springi, oili na gharama za kuhamisha umiliki, na isiguswe hata muuzaji akilia. Gari la bei nafuu lililomaliza pesa yako yote litaanza kazi na matairi liliyokuja nayo, na hayo ndiyo yanayopasuka.

## Hatua ya 1: Geuza mzigo wako kuwa kilo

"Mzigo wa kawaida tu" si kipimo. Andika unachobeba siku nzito kuliko zote, kisha jumlisha.

Mfuko wa saruji ni kilo 50. Dumu la maji la lita 20 ni kilo 20 kabla ya kuhesabu dumu lenyewe. Gunia la mahindi au mchele huzunguka kilo 100, ila lumbesa haina adabu, kwa hiyo lipime. Dagaa wakavu hudanganya kwa upande mwingine: gunia linajaza gari kabla halijawa zito. Anayetoa dagaa Mwaloni Kirumba anahitaji nafasi na dari la juu. Anayepeleka saruji Kisesa anahitaji springi. Hao wawili hawanunui gari moja.

Usisahau watu. Wewe na msaidizi wako mkiwa na kilo 80 kila mmoja, kilo 160 zimeshaingia garini kabla ya mfuko wa kwanza.

Ukimaliza uwe na namba moja kwenye karatasi, kwa mfano "kilo 350 bila watu". Ikizidi 350, acha kusoma hapa na utafute kirikuu au pikapu. Gari la aina hii si lako.

## Hatua ya 2: Jua gari lenyewe limeruhusiwa kilo ngapi

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu magari mawili yanayofanana kwa nje yanaweza kuwa yametengenezwa kwa kazi mbili tofauti.

Japani hugawa magari haya mafungu mawili. Kuna ya mzigo na kuna ya familia. Gari la mzigo lazima liandikwe nyuma uzito wa juu unaoruhusiwa. Kwa hiyo nenda kwenye mlango wa buti utafute kibandiko cha maandishi ya Kijapani chenye tarakimu. Kwenye Probox nyingi za mzigo utakuta 400, na kwenye mabano 250. Maana yake ni kilo 400 gari likiwa na watu wawili, au kilo 250 likiwa na watu watano.

Kibandiko kikiwa kimebanduliwa au kufunikwa na rangi, soma namba ya modeli kwenye kibati kilicho chini ya boneti. Kwa Toyota hizi angalia herufi ya mwisho. V ni ya mzigo, G ni ya familia. NCP51V ni Probox ya mzigo yenye injini ya 1.5. NCP58G ni Probox pia, lakini ya familia. Fielder ya zamani ni NZE121G, unaona G yake. Kwa Nissan herufi ya mwanzo ndiyo inayosema: VFY11 ni AD Van, WFY11 ni Wingroad, ingawa sura ni ileile.

Sasa hesabu. Wajapani humhesabu mtu mmoja kwa kilo 55. Probox ya mzigo yenye watu wawili: kilo 110 za watu, jumlisha 400, unapata 510. Ikiwa na watu watano: 275 jumlisha 250, unapata 525. Kwa hiyo gari zima limetengenezwa kubeba kama kilo 510, watu wakiwemo. Toa kilo 160 zako na za msaidizi, zinabaki 350. Hiyo ni mifuko saba ya saruji. Si kumi na miwili.

Fielder haina namba ya mzigo, ina namba ya watu. Watu watano mara 55 ni kilo 275. Toa 160, zinabaki 115. Mifuko miwili ya saruji na kifurushi cha misumari.

Najua mtaani Fielder inabeba mifuko minane. Haivunjiki siku hiyo. Inakula bushi, beringi za nyuma na matairi kidogokidogo, na inasimama mbali kuliko ulivyozoea siku mtoto anapokatiza barabara ya Igoma. Ukitaka Fielder kwa mzigo mwepesi na familia ya Jumapili, chukua bila wasiwasi. Kwa saruji, hapana.

## Hatua ya 3: Chagua modeli kwa spea na kazi, si kwa sura

Probox na Succeed za mzigo. Ndizo chaguo langu la kwanza na sitajifanya sina upande. Zilitoka mwaka 2002, mbele ni Toyota ya kawaida, na fundi yeyote kuanzia Mabatini hadi Buhongwa amewahi kuzifungua. Injini ya 1.5 ni 1NZ-FE, ileile ya Fielder, na inatumia cheni badala ya mkanda. Buti ni bapa na mlango wa nyuma unafunguka kwenda juu, gunia linaingia bila kuviringishwa. Ziko za 1.3 pia. Kwa vilima vya Mwanza na mzigo, ziache kwa mwenye duka la tambarare.

Zilizotoka baada ya mabadiliko ya mwaka 2014 zina gia ya CVT, yaani otomatiki isiyo na hatua za gia. Haina ubaya, ila inataka mafuta yake maalumu, na gari lililowekewa mafuta ya gia ya kawaida "kwa kuwa ndiyo yaliyokuwepo" linakusubiri na gharama. Kwa bajeti ndogo, ya zamani yenye gia ya mkono ndiyo salama zaidi: klachi ikiisha unabadilisha klachi, hununui gia boksi.

Nissan AD Van. Inafanya kazi ileile na bei yake mara nyingi huwa chini, kwa sababu wanunuzi wanakimbilia Toyota. Kama fundi wako anaijua Nissan, usiikatae. Kama anakuna kichwa, ikatae.

Fielder, Wingroad, Caldina. Mzigo mwepesi tu. Caldina za zamani zenye injini ya 7A-FE au 3S-FE zinatumia mkanda wa taimingi. Muulize muuzaji ulibadilishwa lini. Asipojua, uhesabu kuwa haujabadilishwa.

Subaru Legacy, Volvo, Mercedes za mgongo mrefu. Ni magari mazuri yenye buti kubwa, na bei yake ya mkononi inavutia mno. Inavutia kwa sababu. Spea ya kusubiri basi kutoka Dar es Salaam wiki nzima si spea, na gari la kazi lililolala gereji linakudai kila siku.

Kuhusu gari la magurudumu manne ya kuvuta: ni zito zaidi, linakunywa zaidi, na lina vitu vingi zaidi vya kuharibika. Lichukue tu kama njia yako ya kila siku ni tope la masika vijijini Sengerema au Kwimba. Kwa lami ya Usagara hadi daraja la Kigongo–Busisi, magurudumu mawili yanatosha.

## Hatua ya 4: Maswali ya simu yanayookoa nauli

Matangazo yote yana wimbo mmoja: "namba D, haijapigwa rangi, AC kipupwe, ni kuwasha na kuondoka, bei maelewano." Kumbuka kwamba herufi za namba zinasema gari lilisajiliwa lini Tanzania. Hazisemi lilitengenezwa lini. Probox ya namba D inaweza kuwa ya mwaka uleule na ya namba C, ila ilichelewa kuingia nchini.

Uliza hivi, kwa heshima na kwa ufupi:

"Samahani kaka, kadi ni original na iko mkononi mwako?"

"Jina lililo kwenye kadi ni lako?"

"Limewahi kufanya kazi ya mchomoko, kusomba abiria, au kubeba samaki?"

"Nikija na fundi wangu na mzigo wa kujaribia, utaniruhusu?"

Swali la mwisho ndilo linalochuja. Mwenye gari zima atauliza mzigo gani, mtaelewana. Mwenye kuficha kitu atasema gari lake si la majaribio. Mshukuru, kata simu, umeokoa siku.

Kuwa mchomoko si dhambi, ila bei ishuke. Gari lililosomba abiria kwenda Geita na kurudi kila siku limechoka viungo hata kama injini inanguruma vizuri.

## Hatua ya 5: Likague tupu, asubuhi, kuanzia nyuma

Omba injini isiwashwe kabla hujafika. Shika boneti: ikiwa ya moto, ameipasha ili uwakaji mgumu wa asubuhi usiuone. Rudi siku nyingine.

Watu wengi huanza na injini. Wewe anza na buti.

Inua zulia au mpira wa sakafu na mulika tochi. Maji ya barafu yaliyochanganyika na damu ya samaki, na chumvi ya samaki wa kukaushwa, hula bati kimyakimya, hasa kwenye pembe, mashimo ya boliti za viti na ukingo wa mlango wa buti. Bonyeza kwa kidole gumba. Kutu ya juujuu inakwanguliwa. Bati linalobonyea au kutoboka lina maana sehemu inayobeba mzigo imekwisha. Harufu nayo haidanganyi: gari lenye manukato matatu kwenye kioo lina sababu ya kunukia hivyo.

Tafuta alama za kuchomelea sakafuni, pale palipofungwa benchi la abiria wa ziada. Angalia viti vya nyuma kama vinalingana na vya mbele.

Pitisha sumaku pembeni mwa bodi na juu ya matao ya matairi. Inaposhindwa kushika, pana puti chini ya rangi. Puti kidogo kwenye mlango ni maisha ya mjini. Puti kwenye nguzo ya nyuma au karibu na shokapu ina maana gari liligongwa mahali pa mzigo. Ondoka.

Simama nyuma hatua tano, uwanja ukiwa sawa. Je, mkia umekaa chini kuliko pua? Pima kwa futi kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa tao la tairi, kushoto na kulia, na andika. Pande mbili zisitofautiane kwa zaidi ya sentimita moja hivi. Kisha ingia chini na tochi: wengine huweka mipira au vipande vya raba kati ya mizunguko ya springi ili mkia uinuke siku ya kuuza. Ukiiona, chukulia kwamba springi zimelala, uzipigie hesabu mpya.

Matairi. Soma ubavuni. Gari la mzigo linataka tairi lenye herufi LT au maandishi 6PR, kwa sababu lina kuta ngumu na linajazwa upepo mwingi. Tairi la LT lina namba mbili za uzito, kwa mfano 88/86. Namba 88 ni kilo 560 kwa tairi moja, 86 ni kilo 530 kwa kila tairi yakifungwa mawili upande mmoja. Ukikuta 82, ni kilo 475. Tarakimu nne za mwisho kwenye alama ya DOT ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la zamani lenye kashata (meno) nzuri bado ni la zamani. Ukiona nyufa ndogo ubavuni, halifai kwa mzigo.

Injini. Sasa iwashe. Cheni ikigonga sekunde moja ikanyamaza, sawa. Ikiendelea kugonga, pana kazi. Mwache fundi akanyage mafuta huku wewe ukitazama silensa: moshi wa bluu ni injini kula oili, moshi mweupe usioisha hata injini ikipata moto ni maji yanaingia ndani. Chomoa kijiti cha oili, futa kwa tishu. Nyeusi ni ya kubadilisha. Ya rangi ya chai ya maziwa ni gasketi, nenda nyumbani. Gia otomatiki ikiwa na kijiti chake, ifanyie hivyohivyo: mafuta yawe mekundu au ya kahawia nyepesi, yasinuke kuungua.

Rejeta inastahili kukaguliwa zaidi ya inavyokaguliwa. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi joto kama 96 badala ya 100. Kinachoyazuia yasichemke mapema ndani ya injini ni shinikizo, na shinikizo linashikwa na kifuniko cha rejeta. Kwa hiyo injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko, tazama raba yake na maji ndani. Maji ya kutu yana maana gari limenyweshwa maji ya bomba kwa miaka. Onyo: usifungue kamwe injini ikiwa ya moto.

Mwisho, fundi umeme achomeke mashine. Akikuta kumbukumbu zote zimefutwa asubuhi hiyohiyo, muulize muuzaji kwa nini.

## Hatua ya 6: Lipakie

Hii ndiyo siku yenyewe. Pakia mifuko sita ya mchanga, kilo 300, wewe ukiendesha na muuzaji pembeni. Hiyo iko ndani ya uwezo wa Probox ya mzigo, hivyo hakuna atakayesema umeliumiza gari lake. Kwa Fielder pakia mifuko miwili tu. Kabla ya kupakia, weka upepo kulingana na kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva, ile namba ya gari likiwa na mzigo.

Panga mifuko nyuma tu ya viti vya mbele, si ukingoni mwa buti. Uzito ulio nyuma ya ekseli unanyanyua pua, na magari haya mengi yanavutwa na matairi ya mbele. Pua ikiwa nyepesi, tairi zinazunguka bure kwenye changarawe na usukani unakuwa wa mashaka.

Likiwa limesimama. Pima tena kwa futi. Andika limeshuka kiasi gani kila upande. Upande mmoja ukishuka sana kuliko mwingine, springi au shokapu ya huko imekufa. Sukuma pembe ya nyuma chini uachie: lipande, lishuke, litulie. Likiendelea kubembea, shokapu zimekwisha.

Kwenye tambarare. Tumia barabara ya Nyakato kuelekea Igoma na Kisesa, mapema kabla foleni haijajaa. Zima redio. Mvumo unaoongezeka na mwendo, na kubadilika ukigeuza usukani kidogo, ni beringi ya tairi. Pita tuta polepole. Kishindo cha chuma kwa chuma ni springi iliyofika mwisho au raba ya kuzuia iliyopotea. Pita tuta kwa upande mmoja: mlio wa kukatika ni bushi au bolijointi.

Kilimani. Panda Isamilo. Gia ya mkono: kama injini inanguruma na mwendo hauongezeki, klachi inateleza. Otomatiki: isisite wala kutetemeka inapobadili. CVT ikitetemeka kwenye kilima ikiwa na mzigo, usinunue, hata kwa nusu bei. Mshale wa joto, au taa kwa gari lisilo na mshale, usibadilike. Ukifika juu simama, acha injini iendelee, sikiliza feni ikiwaka na kuzima.

Hendibreki. Vuta katikati ya mteremko, gia ikiwa huru, mguu ukiwa karibu na breki. Lisiteleze.

Kushuka. Shuka kwa gia ndogo, kisha kwenye sehemu iliyo wazi funga breki kwa nguvu mara moja. Gari likae njia yake. Likivuta upande, breki za mbele hazilingani. Ukifika chini, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Moja ikiwa na joto kali kuliko mwenzake, breki yake imeshika.

Jaribio limefaulu kama: mkia umeshuka sawasawa pande zote, hakuna kishindo kwenye tuta, injini haikubadilisha joto, limesimama njia yake, na chini hakuna tone jipya la oili au maji baada ya dakika kumi za kupumzika. Rudi ulikoanzia, shusha mifuko, pima mara ya tatu. Namba zirudi zilipokuwa asubuhi.

Kuna fundi atakayekwambia "weka springi za kuongeza nguvu, litabeba tani." Springi zinainua mkia. Haziongezi breki, beringi wala tairi, na gari lililoinuliwa halikukumbushi tena kwamba limezidiwa.

## Hatua ya 7: Makaratasi, kabla ya shilingi yoyote

Linganisha namba ya chesisi iliyogongwa kwenye bati, kwa kawaida ukutani kati ya injini na kabini, na iliyo kwenye kadi. Herufi kwa herufi. Kisha namba ya injini, rangi na mwaka. Pakiwa pamesuguliwa au pamechomelewa pembeni ya namba, usibishane na mtu, ondoka.

Kadi iwe original. Nakala yenye maelezo ya "original iko kwa mke wangu" mara nyingi huwa iko kwa mkopeshaji. Hapa Mwanza kuweka kadi ya gari rehani ni jambo la kila siku, na anayeshika kadi ndiye atakayekuja kulichukua gari uani kwako.

Ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa faini za barabarani wa Jeshi la Polisi uone madeni. Hakiki bima kwenye mfumo wa TIRA. Zote unafanya kwa simu, mbele ya muuzaji.

Mkataba wa mauziano uandikwe na usainiwe mbele ya wakili, nyote mkiwa na vitambulisho vya NIDA na namba za TIN. Lipa kwa benki ili pabaki ushahidi. Kisha nendeni TRA kuhamisha umiliki: kuna ada ya uhamisho, kadi mpya, na ushuru wa stempu unaokokotolewa kwa thamani ya gari. Kubalianeni mapema nani analipa nini. Usikubali "tutahamisha baadaye". Muuzaji akihama mji, unabaki na gari la mtu.

Kama utabeba mzigo wa watu kwa malipo, pitia LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kuulizia leseni kabla ya kuanza, na uulize TRA kuhusu namba nyeupe za biashara badala ya za njano.

## Hatua ya 8: Bei

Fundi aandike kila kasoro na gharama yake. Mwonyeshe muuzaji orodha, usimsomee hotuba. "Bosi, gari nimelipenda. Matairi manne, shokapu mbili na beringi moja ni kiasi hiki. Tukutane wapi?" Kisha nyamaza. Anayenyamaza kwanza hupata punguzo.

## Hatua ya 9: Wiki ya kwanza, kabla ya mzigo wa kwanza

Badilisha oili na chujio, hata kama muuzaji anaapa ameibadilisha jana. Safisha rejeta, weka kimiminika cha kupozea, na kifuniko kipya ambacho ni cha bei ndogo kuliko vyote kwenye orodha hii. Fungua breki za nyuma zisafishwe na kurekebishwa. Vumbi la breki za ngoma hukaa ndani miaka. Weka matairi ya LT manne na la akiba lililo zima.

Ukibeba samaki, tandika turubai zito linalopanda kuta, tumia kreti za plastiki, na osha sakafu kwa maji safi jioni hiyohiyo. Paka dawa ya kuzuia kutu chini ya gari kabla ya masika.

Andika kwa rangi ndani ya mlango wa buti namba yako ya juu, kwa mfano "MIFUKO 7". Msaidizi wako anaifuata namba kuliko anavyofuata maneno yako ya asubuhi, na mteja anayelazimisha "ongeza miwili tu, mzee" anaonyeshwa kidole.

Baada ya kilomita 500 za kazi, kaza nati za matairi na pima tena kwa futi gari likiwa tupu. Linganisha na namba za siku ulipolinunua. Upande mmoja ukiwa umeshuka sentimita mbili, lipeleke kwa fundi kabla hujapokea oda nyingine.